Mbwa wa Baba na Fashifashi za Gombani

Baba alipopooza upande wa kulia tulimleta mjini, kwangu Gombani, kwa sababu kule Kengeja hakukuwa na mtu wa kumgeuza kitandani. Kaka yangu alipanga na dereva wa gari ya abiria ile inayoleta muhogo na ndizi sokoni, tukamlaza baba juu ya godoro katikati ya mikungu, nami nikamshikia kichwa njia nzima. Mbwa wake alitufuata mbio. Nilimtazama akizidi kuwa mdogo, mpaka vumbi likamfunika. Baba alikuwa ameelekea juu, hakuweza kumwona, lakini jicho lake la upande uliosalimika lilikuwa likitoa machozi. Nikamfuta kwa ncha ya buibui nikidhani ni vumbi.

Mbwa alifika mwenyewe baada ya siku kadhaa, nyayo zimechubuka na sikio moja limeraruka. Sijui aliijuaje nyumba ambayo hakuwahi kuiona. Nilimkuta asubuhi amelala chini ya dirisha la baba, nami nimebeba shuka zilizochafuka nazipeleka kufuliwa. Sikumwonea huruma. Nilisema moyoni: na huyu naye.

Nilikuwa nasomesha skuli asubuhi na mchana, binti yangu ameolewa Wete, na mume wangu alikwisha kuhamia Unguja kwa mke mwingine. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, mmoja kitandani. Nikiamka alfajiri namsafisha baba, namlisha uji kwa kijiko, namgeuza ubavu, nakwenda skuli, narudi, naanza upya. Mtu akiishi hivyo hufika mahali hata mlio wa kuku humtia hasira.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya majani makavu, miguu mirefu, mbavu nje. Kazi yake Kengeja ilikuwa kufukuza kima kwenye muhogo, na baba alisema hakuna kima aliyemzidi akili. Hakumpa jina. Alimwita kwa mluzi, mmoja mrefu unaopanda mwishoni, na mbwa angetoka popote alipo, hata ng'ambo ya bonde. Baada ya ule ugonjwa mdomo wa baba ulikwenda upande, na mluzi haukutoka tena. Nilimwona siku ya kwanza aliposikia mbwa yuko dirishani. Alikusanya midomo, akapuliza, ukatoka upepo na mate. Akajaribu tena. Nikageukia ukutani nikajifanya napanga dawa.

Mjini kwetu mbwa si mnyama wa kufugwa nyumbani. Ndani haingii, malaika wa rehema watakimbia, na akikugusa kwa umajimaji unajiosha mara saba, mara moja kwa udongo. Shamba ni mambo mengine, kule anaruhusiwa kwa kulinda. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa bibi mmoja mjane, wa nyumba ya Kiarabu, watu waliokuwa na mikarafuu mingi zamani na sasa wamebakiwa na nyumba ya mawe na adabu. Alinisimamisha mlangoni juma lile lile.

"Mwalimu, sikuombi makubwa," alisema. "Huyo mbwa."

"Ni wa baba, Bi Mkubwa. Mbwa wa shamba."

"Na shamba liko wapi hapa?"

Nilimfunga mbwa kwa kamba uani, mbali na ukuta wake, karibu na banda la kuni. Nilimtupia vichwa vya dagaa na makoko ya ugali. Sikumgusa hata mara moja, na yeye hakunitazama sana. Alikuwa akisikiliza kikohozi cha baba.

Kisha ukaja uchaguzi. Wanaopenda kusimulia siasa watasimulia wanavyojua, mimi nakumbuka uchovu. Duka ulilonunua sukari jana, leo si duka lako. Watu wa nyumba moja walikula sahani mbili. Kuna waliokataa kwenda mazikoni kwa jamaa zao, Mungu atusamehe sote. Mimi na yule bibi tulijikuta pande mbili. Hatukugombana, tuliacha tu kuitana. Ramadhani ile sahani ya futari haikuvuka ukuta, si kutoka kwake wala kutoka kwangu.

Siku mabomu ya machozi yalipolia mjini, na baada yake milio mingine ambayo sikutaka kujua ni ya nini, nilimfunika baba masikio kwa mto. Moshi uliingia hata chini ya mlango. Kulipotulia nikatoka uani, nikakuta kamba imekatika na chini ya lango pamechimbwa shimo.

Baba alikwisha kujua. Nilipomletea uji alifumba mdomo.

"Kula, baba."

Akatikisa kichwa. Maneno yake yalikuwa machache na yalitoka vipande vipande. "Mm... bwa."

"Atarudi mwenyewe."

"Ka'lete."

"Nikamlete wapi, baba? Nje hakuna mtu."

Akafumba mdomo tena. Asubuhi yake vile vile. Mchana nikavaa buibui nikatoka, kwa sababu kumzika baba kwa ajili ya mbwa nisingeweza kumweleza mtu.

Njia zilikuwa tupu. Kwetu mwanamke mtu mzima hapigi mluzi, na mwalimu ndiyo kabisa. Nilianza kwa sauti ya chini, kama anayepoza chai. Midomo ilikuwa mikavu kwa hofu, haikutoa kitu. Nikailowesha kwa ulimi nikajaribu tena, mmoja mrefu unaopanda mwishoni, mpaka ukatoka. Dirisha moja lilifunguka, mtu akachungulia, likafungwa. Niliteremka kuelekea kwenye mabonde ya mpunga nyuma ya kiwanja cha mpira, nikipiga mluzi na kulia kwa pamoja, na ni kazi ngumu kufanya hayo mawili kwa mara moja.

Alikuwa ndani ya karavati chini ya barabara, amelala kwenye maji. Aliposikia alitoa kichwa. Hakuja mbio kama alivyokuwa akimjia baba, alikuja kwa tumbo, anajiburura. Nikamvisha kitanzi cha kamba kwa mbali, bila kumgusa, nikamkokota nyumbani. Baba alimsikia akipumua chini ya dirisha, akafungua mdomo. Uji ulikuwa umepoa, akanywa hivyo hivyo.

Tangu siku ile mbwa aliharibika. Bati likigongwa na upepo anatetemeka. Gurudumu likipasuka barabarani anajikojolea. Sikukuu ndiyo ilikuwa balaa, maana watoto wanapokwenda na kurudi kiwanjani hupasua fataki njia nzima, na yeye akitafuna mlango wa banda mpaka akavunjika jino. Nami natoka nawafukuza watoto, watoto wanacheka, narudi kwa baba namkuta naye macho yamemtoka, anauliza kwa macho. Sikukuu zote zile sikumbuki nilivaa nini.

Miaka ikapita, wakubwa wa vyama wakapeana mikono. Redio ikatuambia sasa sisi ni kitu kimoja. Kupeana mikono huko juu ni jambo la siku moja, huku chini mkono huchelewa. Mimi na yule bibi tulirudia kusalimiana, "Umeamkaje?" "Nimeamka salama," basi, kila mtu akaingia kwake.

Ndipo gari ya kipaza sauti ikapita mtaani kutangaza kwamba sherehe za kitaifa za mwaka ule zitafanyika kiwanja cha Gombani, na usiku, baada ya isha, zitapigwa fashifashi, zile fataki kubwa za kurushwa angani. Wenzangu skuli walifurahi. Mimi nilikaa chini. Kutoka kwangu mpaka kiwanjani, ukitupa jiwe kwa nguvu linafika.

Kaka yangu, ambaye hufanya kazi ya kupakia mizigo bandarini Wesha, alikuja Ijumaa kumwona baba nikamweleza.

"Tumrudishe Kengeja," alisema.

"Atarudi kama alivyokuja. Na akikutana na fashifashi njiani?"

Akatazama uani. "Basi ipo sumu ya panya. Ameshazeeka. Na wewe umechoka, unaonekana."

Ukuta ukagongwa. Baba alikuwa akiupiga kwa ngumi ya mkono wake wa kushoto, tena na tena, mpaka chokaa ikaanguka kitandani. Kaka aliingia akamshika mkono, akasema, "Basi baba, basi, nilikuwa nasema tu." Kisha akaondoka bila kunywa chai.

Niliingia nikamfuta chokaa usoni. Nilikuwa na hasira naye. "Haya, nifanye nini? Niambie weye. Huyu mnyama wako nifanye naye nini?"

Baba alichukua muda mrefu kulipata neno. "Ba... nda."

"Nimtie bandani. Haya."

"Giza."

"Nizibe mwanga. Haya."

"Gu... nia. Kaa naye."

"Nikae naye mimi?" Nilicheka kwa uchovu. "Baba, sijamgusa mbwa tangu nizaliwe."

"Kavu," alisema, akipumua. "Kavu kwa kavu."

Nilimwelewa. Najisi haihamii kavu kwa kavu, ndivyo tulivyosomeshwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo. Akanionyesha kwa mkono mmoja alivyokuwa akifanya Kengeja zikipiga radi: anamfunika mbwa gunia, anaweka mkono mzito mgongoni, hauondoi. Na neno la mwisho alilipigania mpaka jasho likamtoka. "Usi... shtuke."

Nikaanza. Kila nikirudi skuli nilikaa kwenye kizingiti cha banda na debe tupu, nikaligonga kwa kidole, na kila nikigonga natupa kichwa cha dagaa. Siku za mwanzo alikimbilia mwisho wa kamba na dagaa wakaliwa na kunguru. Baadaye akawa anakula huku ananitazama kwa jicho la wasiwasi. Nikaongeza nguvu kidogo kidogo. Wanafunzi wangu wagumu wa hesabu niliwasomesha kwa subira hiyo hiyo, na matokeo yake pia yalikuwa hayo hayo, mengine yaliingia, mengine hayakuingia. Kuta za banda niliziziba kwa magunia na mikeka chakavu, mpaka ukiufunga mlango hakupenyi hata uzi wa mwanga.

Siku yenyewe niliomba ruhusa mapema. Alasiri, jua lilipopungua, nikamchukua mbwa kwa kamba tukashika njia ya Wesha, ili achoke. Nilichoka mimi. Watu walikuwa wakipanda kuelekea kiwanjani wamevaa vizuri, mimi nateremka na mbwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," kisha akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akavuka upande wa pili wa njia.

Nilipomaliza kumlisha baba na kusali isha, nikajifunga kanga mbili juu ya nguo. Nikasikia hodi. Alikuwa yule bibi, tasbihi mkononi, mtandio umefungwa vibaya, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake.

"Karibu, Bi Mkubwa. Kheri?"

"Kheri." Alisimama mlangoni. Hakuwa amevuka kizingiti changu tangu ule uchaguzi. "Mwalimu, wanasema watapiga mizinga."

"Fashifashi, Bi Mkubwa. Za kufurahia."

"Najua za nini. Moyo wangu haujui." Akaitazama tasbihi. "Tangu siku zile siwezi. Mlango ukijibamiza nakaa chini. Na nyumba ile kubwa, niko peke yangu."

Nilitaka kukaa nilie. Miaka yote ile, ng'ambo ya ukuta, nilidhani mimi tu ndiye mwenye nyumba ya watu wanaotetemeka.

"Karibu ndani," nikasema. "Lakini mimi nitakuwa bandani. Na mbwa."

Uso wake ulibadilika kidogo, kisha ukarudi. "Basi nitakaa hapa ukumbini, mlango wa mzee uwe wazi, anisikie nami nimsikie." Akaketi kwenye busati, mgongo kwenye ukuta unaopakana na banda la kuni.

Nikaenda uani nikaingia bandani nikafunga mlango. Giza tupu, harufu ya kuni na ya mbwa. Nikamfunika gunia. Nikaushusha mkono wangu mgongoni kwake, mara ya kwanza. Nilidhani nitasisimkwa. Nilichokisikia ni mifupa, na moyo unaokwenda kama cherehani.

Fashifashi ya kwanza ilipopasuka, mbwa aliruka akanigonga kidevu. Ya pili, ya tatu. Alichimba sakafu kwa kucha zote, akalia sauti nyembamba ambayo sikujua mbwa anayo. Niliuweka mkono mzito. Mimi mwenyewe nilikuwa nashtuka, kila mlio nashtuka, na kila nikishtuka naye anazidi. Nikayakumbuka maneno ya baba nikajilaumu: mtu anaambiwa asishtuke, na mwili ni wake?

Hapo nikamsikia bibi. Alikuwa amepandisha sauti kwa hofu, na kwa kuwa mgongo wake ulikuwa ukutani, sauti ilipita kama yuko nasi. "Hasbiyallahu wa ni'mal wakiil. Hasbiyallahu wa ni'mal wakiil." Mwanzoni aliiharakisha dua ile, ya kwamba Mungu anamtosha, maneno yakigongana. Kisha akapata mwendo wake, ule wa mtu aliyezoea nyiradi maisha yake yote, hauendi mbio wala hausimami. Na nyuma yake, chumbani, sauti nyingine ikaanza, nzito, isiyo na maneno. Baba alikuwa akimfuatia. Hakuweza kutamka, alivuma tu, akishika mwendo.

Masikio ya mbwa yaligeuka. Niliyahisi chini ya gunia yakigeuka, moja zima na moja lililoraruka, kuelekea ukutani. Sauti ya bwana wake. Alikuwa bado anatetemeka, na kila mlio mkubwa ulimpitia mwili mzima, lakini aliacha kuchimba. Akalala. Kidogo kidogo akaegemeza uzito wake wote kwenye paja langu, nami nikajikuta nafuata ule uradi kimoyomoyo, na sikushtuka tena, au nilikuwa nimechoka mno kushtuka.

Mwishoni walipiga zote zilizobaki kwa pamoja. Bati la paa lilitikisika. Nikasikia kitu cha moto kinaenea kwenye kanga zangu, ya juu na ya chini, mpaka kwenye gauni. Mbwa alikuwa amenikojolea. Basi, kavu kwa kavu ikaishia hapo.

Kelele za watu zilipoanza kusambaa barabarani nilifungua mlango wa banda. Mbwa alitoka anayumba, akanywa maji, akaenda kulala chini ya dirisha la baba. Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Alinitazama nilivyolowa.

"Udongo upo?" aliuliza.

"Upo, pale kwenye mchicha."

"Lete kata ya maji."

Akakunja mikono ya kanzu yake, mwanamke yule wa nyumba ile, akaanza kunimiminia maji mimi nikijisugua, gauni na yote, nyuma ya banda. Nilikuwa nimelemewa hata hesabu ilinipotea.

"Hiyo ya saba, Bi Mkubwa?"

"Ya sita."

"Nahisi ya saba."

"Mwalimu wewe wa skuli, hesabu hizi niachie mimi." Akamimina tena, polepole, kuanzia mabegani. "Haya. Sasa ya saba."

Tulipoingia ndani tulimkuta baba amelala, mdomo wazi. Bibi alilala ukumbini usiku ule. Asubuhi tulikunywa chai pamoja, kila mmoja ameinamia kikombe chake, tukazungumza habari za bei ya karafuu na magoti yake. Ya uchaguzi hatukuyagusa. Hakumpenda mbwa baada ya hapo, wala sikumwomba ampende. Ila hakuuliza tena shamba liko wapi.

Baba alifariki masika yaliyofuata, alasiri, nikimpepea kwa kipepeo cha ukili. Watu wa pande zote mbili walikuja, wakajaa barazani mpaka njiani. Wakati wa kuosha maiti kaka yangu alitoka nje akakaa uani kwa muda mrefu, karibu na mbwa.

Mbwa nilibaki naye. Sikuwa na pa kumpeleka na sikutafuta. Alizeeka haraka, pua ikawa nyeupe, hakulala tena chini ya dirisha bali popote penye jua. Miaka fulani sherehe hazikuja upande wetu, na mwaka mwingine zikaja tena, gari ya kipaza sauti ikapita kutangaza. Nikaziba banda. Nikapika dagaa. Nikafunga kanga kuukuu niliyokwisha kuitenga kwa kazi hiyo, nikaingia naye mapema, nikamfunika gunia, nikashusha mkono.

Ya kwanza ilipasuka. Mimi nilishtuka. Yeye hakutikisika. Ya pili ikafuata, kubwa zaidi, na chini ya mkono wangu mgongo ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu, kama wa mtoto aliyeshiba. Nikapiga makofi karibu na kichwa chake. Hakufungua hata jicho. Kumbe alikwisha kuwa kiziwi, sijui tangu lini, na mimi, na kuchoka kwangu, sikuwa nimeona.

Nilikaa naye kidogo gizani, kwa mazoea. Kisha nikaufungua mlango wa banda, nikamwacha alale, nikaenda kitandani. Nililala kabla hawajamaliza.